Sauti Yako Ilitosha

Mau Narok,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Nyokabi mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Njoro kumuaga shangazi yako kabla hujasafiri kwenda kazini Lodwar, na najua hutarudi kabla ya jioni, maana shangazi hamwachi mtu aondoke bila kunywa chai mara mbili. Baba yako ameketi nje penye jua. Mimi nimefuta meza, nikachukua daftari lako la zamani lenye kurasa zilizobaki safi, nikakaa.

Utashangaa. Una miaka ishirini na miwili na hujawahi kupokea barua kutoka kwangu. Mimi ni mtu wa mdomo. Nikiwa na jambo nalisema, na nikishalisema ndipo najua nilikuwa nafikiri nini. Wiki hii nimejaribu kukuambia haya mara tatu, hapa hapa jikoni, na kila mara nikajikuta nakuuliza kama umepakia sweta. Nani huvaa sweta kwenye joto la Lodwar? Ulinitazama tu ukasema, "Nimepakia, Mama," nikajua umenihurumia. Kuandika ni njia yako, si yangu. Wacha leo nije kwako kwa njia yako.

Sitakuandikia habari za maji ya kunywa, wala mbu, wala wanaume. Hayo umeshayasikia hadi yamekukinai. Nataka kukusimulia jinsi mimi mama yako nilivyokaa nyumba moja na wewe miaka kumi na tatu bila kukuona, na yaliyotupata kwa sababu hiyo. Mengine unayajua kuliko mimi. Lakini hujawahi kuyasikia kutoka kwangu.

Baba yako, kabla ya kuugua, alikuwa mtu wa watu. Nikimtuma posho mill saa nne, alirudi saa kumi, unga begani, akiwa ameahidi kumsaidia mmoja kujenga zizi na mwingine kutafuta mchumba. Alikuwa akisimama pale juu ya mteremko anaona mambo ambayo hayapo: hapa bwawa la samaki, pale miti ya matunda. Ukimuuliza lini, anacheka. "Tutaona." Hilo ndilo lilikuwa jibu lake la kila kitu. Hakupenda jambo lifungwe, kama vile mtu asiyependa kulala mlango ukiwa na kufuli.

Mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa na maneno, nami nilikuwa na maneno. Tulikutana tukiongea na hatukunyamaza. Kwa kuwa tulifanana mdomo, nilidhani tunafanana. Kumbe tulitofautiana karibu katika kila kitu kingine. Mimi naamini kitu nikikishika. Nikisema viazi vinapandwa Jumatatu, vinapandwa Jumatatu. Mtu akikosea namwambia papo hapo, mbele ya nani na nani sijali, na nikishamwambia mimi nimemaliza. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba mimi nikimaliza, mwenzangu ndiyo kwanza anaanza kuumia.

Halafu ukaja wewe.

Ulikuwa mtoto wa kutazama. Ukiwa na miaka sita uliketi stoo mchana mzima tukichagua viazi, na jioni ukaniambia gunia la kwenye kona lina harufu tofauti na jana. Nikakuambia nenda ukacheze. Baada ya siku mbili gunia hilo lilikuwa limeoza na kuambukiza mengine manne. Sikukumbuka kuwa uliniambia. Nilikumbuka miaka mingi baadaye, nikiwa napalilia, nikasimama katikati ya shamba na jembe mkononi kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Wageni wakija nilikuwa nawaambia, "Huyu ni Nyokabi, ana haya," kama vile mtu anavyosema mtoto ana homa. Nilikuwa nataka upone.

Ulipokuwa na miaka tisa niliandikisha jina lako ukariri mistari kanisani. Ulikuwa umenikatalia. Nikasema utazoea. Ulisimama pale mbele na gauni la njano, mikono imebana ubavuni, na hakuna neno lililotoka. Watu wakaanza kupiga makofi kukutia moyo, na kadiri makofi yalivyozidi ndivyo ulivyozidi kuwa mdogo. Nje, nyuma ya choo cha kanisa, nilikufinya mkono.

"Umenitia aibu."

"Nilikuwa nayajua yote, Mama."

"Kujua bila kusema kuna faida gani?"

Swali lile limenifuata mimi, si wewe.

Sasa nafika pale ambapo kalamu inakuwa nzito.

Ulikuwa darasa la saba. Asubuhi moja ukaja hapa jikoni nikisugua sufuria.

"Mama, siku hizi Baba anashika kikombe na mkono wa kushoto."

"Basi?"

"Alikuwa anashika na wa kulia. Na jana alishindwa kufunga kifungo cha shati."

"Amechoka na kulima. Hata wewe ungechoka."

Ulisimama kidogo, kama mtu anayengoja apishwe mlangoni. Mimi nikaendelea kusugua sufuria.

Baada ya siku nne ulirudi. Siku hiyo lori la viazi lilikuwa limefika, dereva anapiga honi, vijana wanabeba magunia, na mimi niko katikati yao na sauti yangu. Ulinivuta kitambaa.

"Mama, tembe za Baba za presha hazipungui. Nimezihesabu leo na juzi. Ni zile zile."

"Nyokabi, lori ndilo hili. Hii ndiyo saa ya kuhesabu tembe?"

Ukasema, "Sawa." Ukaenda.

Jioni nikimpakulia baba yako chakula nilimuuliza kama anakunywa dawa. Akacheka, akasema anakunywa. Nami nikalifunga jambo hilo, maana nilikuwa nimeuliza na nimejibiwa. Dawa zilikuwa zinampa kizunguzungu, tulikuja kujua. Alikuwa amejiambia atazianza tena baada ya kuvuna.

Jumatano asubuhi alikuwa shamba la chini, anawasimulia kina mama wachimbaji wa viazi kisa fulani. Maneno yakaanza kumtoka yakiwa yamegeuka. Wakacheka. Si alikuwa mtu wa mzaha? Akasema mengine yasiyo maneno kabisa, wakacheka zaidi. Kisha akakaa chini ndani ya mtaro, polepole, kama mtu anayekalia kiti ambacho hakipo.

Tuliteremka Nakuru kwa pikapu ya jirani. Ukungu ulikuwa mzito hadi karibu Njoro. Mimi nilikaa mbele nikaongea njia nzima: na dereva, na Mungu, na kila aliyeshika simu. Wewe ulikaa nyuma pamoja na baba yako. Nilipogeuka nilikuona umeshika mkono wake wa kulia, ule ambao haukuwa unajua umeshikwa.

Kwenye korido ya hospitali daktari alikuja na karatasi. Alisema ni kiharusi. Akauliza, "Siku za karibuni kulikuwa na dalili yoyote?"

Nikasema, "Hapana."

Wewe ukasema kutoka kwenye benchi, "Zilikuwepo." Ukamtajia moja moja, na siku zake: kikombe, kifungo, tembe. Daktari akaandika yote. Alikusemesha kwa heshima kama anayeongea na mtu mzima, kisha akaenda.

Nami nikakugeukia. Kina mama wengine walikuwa wamekaa pale na walisikia.

"Kumbe ulijua haya yote? Basi mbona hukupiga kelele? Mtu akiona nyumba inaungua hunong'ona?"

Ungeweza kusema, "Nilikuambia." Lilikuwa neno moja tu, na lingeniua. Ulinitazama, halafu ukatazama sakafu.

"Pole, Mama," ukasema.

Wewe ndiye uliyesema pole.

Baada ya pale ulinyamaza karibu muhula mzima. Ndiyo, hapana, nimeshiba. Watu wakiuliza niliwaambia unahuzunika kwa ajili ya baba yako. Ilikuwa nusu ya ukweli.

Baba yako alirudi nyumbani na neno moja. Unakumbuka: "Kesho." Maneno yake yote, vile visa, zile ahadi, vyote vilikuwa vimeondoka na kumwachia hilo moja. Akitaka maji, kesho. Akikasirika, kesho. Nilimpenda, Mungu anajua, na nilikuwa nakimbia huku na huku kumhudumia. "Maji? Chai? Blanketi? Unaumwa? Unataka nje?" Maswali matano kwa pumzi moja. Alikuwa anageuza uso ukutani na machozi yanamtoka.

Wewe ulileta kigoda ukaketi karibu naye na vitabu vyako vya shule. Hukumuuliza kitu. Akisema kesho, ulinyanyua kichwa ukatazama macho yake yanaenda wapi, ukaamka ukaleta chumvi. Akanyamaza, akala.

Siku moja alilia kesho, kesho, akielekeza dirishani. Nilifunga dirisha. Nikalifungua. Nikamfunika, nikamfunua. Ulifika kutoka shule, hujavua hata viatu, ukasimama nyuma ya kiti chake ukainama hadi kichwa chako kikawa sawa na chake. Ukasema, "Ng'ombe amejifunga kamba mguuni." Ukatoka ukamfungua. Mimi nilikuwa nimefika kwenye dirisha lile mara nne.

Usiku huo sikukusifu. Nataka ujue kwa nini. Nilikuonea wivu.

Ndipo tukaanza kwenda kwa Madam Rehema, yule mama wa mjini aliyekuwa akifundisha wagonjwa kusema tena. Wewe ulikuja siku za likizo tu, kwa hiyo kuna mengi hukuyaona. Siku ya kwanza alimwonyesha baba yako picha ya jogoo, akamuuliza hiki ni nini. Nikasema jogoo. Akamwonyesha kiatu. Nikasema kiatu. Akaweka picha chini.

"Mama Nyokabi," akasema, "mgonjwa ni mzee ama ni wewe?"

Akaniambia nikae nisiseme neno hadi somo liishe. Nilivumilia picha tatu. Baba yako alikuwa anatafuta neno "mti", mdomo unafunguka na kufumba, nalo lilikuwa limenijaa mimi kinywani kama maji ya moto. Nilitoka nje nikaenda kulia kwenye bomba la maji.

Saa ya chakula Madam Rehema alitukuta tumeketi kwenye nyasi. Nilikuwa nimebeba ugali na mboga, na baba yako alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto, taratibu, akidondosha. Madam alijiketisha karibu nasi akaniambia nijaribu kula kwa wa kushoto kama mzee. Nikajaribu.

"Unaweza?"

"Naweza. Lakini ni kazi."

"Na mtu akikuambia ule hivyo kila siku, na mbele ya watu?"

Nikamwambia ningechoka. Kisha, sijui kwa nini, nikamsimulia juu yako na lile gauni la njano. Sikumwambia ya korido. Hayo sikumwambia mtu.

Alisikiliza hadi mwisho, akasema akili nayo ina mkono inaopenda kuutumia. Kwa miezi ile alinieleza kidogo kidogo, na mimi nakueleza kwa maneno yangu, maana yeye aliyasoma na mimi niliyaishi. Kuna anayepumzika akiwa na watu, na kuna anayepumzika watu wakishaondoka. Kuna anayeamini kwanza kilicho mbele ya macho yake, na kuna anayeona kwanza kile kinachoweza kuwa. Kuna ambaye akitaka kuamua hupima jambo, na mwingine hupima moyo wa mwenye jambo. Na kuna anayetaka mambo yafungwe, na anayetaka yabaki wazi. Hakuna upande ulio ugonjwa. Nilikuwa nimesema maisha yangu yote kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nilisema hivyo nikiwa nimekaa na mkasi.

Lakini alinionya nisizichukue moja moja. Alisema kinachomfanya mtu awe alivyo ni jinsi zinavyochanganyika. "Mahindi na maharagwe ni githeri," akasema. "Ongeza viazi na mboga, uponde, ni mukimo. Huwezi kuchomoa mahindi kwenye mukimo ukasema haya ndiyo yaliyonishibisha." Mtu wa pwani kwa asili, lakini mukimo aliujua.

Nikaanza kutuangalia. Mdomo wangu peke yake hauna neno. Shangazi yako wa Njoro anaongea kunishinda, na anafanya kazi kama mimi, na anataka mambo yaishe kama mimi. Lakini yeye hupima moyo kwanza. Kitu kimoja tu kimetofautiana, na watu humkimbilia wakiwa na shida, huku mimi hunikimbilia wakiwa na lori. Mdomo wangu ukichanganyika na ukali wa kupima jambo, na haraka ya kulifunga, unapata mtu anayetoa hukumu shahidi akiwa bado njiani. Baba yako alichanganya mapenzi ya watu, na ndoto, na moyo laini, na "tutaona", ukapata mwanamume ambaye kijiji kizima kilimpenda na ambaye aliahirisha dawa yake hadi mavuno. Na wewe, kimya chako kikachanganyika na jicho linaloona kilichopo, na akili inayotaka hesabu itimie. Ukapata mtoto anayehesabu tembe.

Nimelifikiria hili kwa miaka, Nyokabi. Nyumba hii haikukosa kitu. Ilikuwa na jicho na ilikuwa na mdomo. Jicho liliuambia mdomo mara mbili. Mdomo ulikuwa na shughuli.

Ungedhani baada ya kujifunza hayo nilikuwa nimepona. Hapana, nilifanya kosa la pili, nalo lilitoka ndani ya dawa. Nilianza kumpa kila mtu jina. Huyu ni wa aina hii, yule ni wa aina ile. Wewe nilikuwa nimekuweka kwenye chupa na kifuniko juu. Ukiwa kidato cha tatu mwalimu wako alinifuata siku ya wazazi, akasema wanataka uwe kiongozi wa bweni. Nikamwambia hapana, huyu wangu si mtu wa watu, mtamtesa. Nilirudi nyumbani nikijiona mama mwema kabisa.

Ulipojua, ndiyo mara ya kwanza nilikuona umekasirika.

"Mama, nani alikuambia siwezi?"

"Si wewe huchoka na watu?"

"Kuchoka na watu si kushindwa na watu."

Ukaenda kwa mwalimu mwenyewe. Ukaongoza bweni miaka miwili. Nilisikia kutoka kwa mzazi mwingine kwamba uliweka kisanduku mlangoni ambamo wasichana waliandika malalamiko yao, na kwamba uliyajibu yote, na kwamba binti mmoja aliyekuwa anataka kutoroka shule aliandikia kisanduku kile kabla hajaongea na mtu yeyote. Mimi ningeongoza bweni hilo kwa filimbi.

Tangu siku hiyo nimejua kuwa ile aina ya mtu huonyesha mahali anapopumzikia. Anakoweza kufika kwa miguu yake, hilo haijui. Baba yako alitaka watu, akafungiwa ndani ya kimya, na amejifunza kukaa humo. Mimi najifunza kunyamaza kama nilivyojifunza kula kwa mkono wa kushoto: nadondosha, lakini nashiba.

Huko Lodwar mtakuwa wanne kwenye kambi moja, mkichimba visima, bila pa kukimbilia ila jua. Ulinisimulia jinsi yule msimamizi wenu alivyokukatiza kwenye simu. Nilicheka ukadhani nakucheka. Nilijisikia mimi. Huenda ni mkorofi, sijui, wako hao pia. Lakini huenda ni wa jamii yangu, mtu anayefikiria kwa mdomo, na kelele zake si ukuta, ni vumbi tu la kazi. Mtu kama mimi mshike kabla lori halijafika. Mwambie, "Nina jambo, nisikilize hadi mwisho." Nakuapia, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, na ningetii. Na akikataa kusikia, mwandikie. Na akikataa kusoma, mwambie mwingine.

Jichunge na wewe pia. Anayeona ufa huweza kuanza kuhesabu nyufa za kila mtu na kuzihifadhi. Kuna jioni umeketi hapa umenyamaza, na kimya hicho kilikuwa hakimu. Nilistahili. Lakini wenzako wa kambini huenda hawatastahili, na hawatajua wameshtakiwa kwa lipi. Na akiwako mmoja wa "tutaona", mwenye ndoto nyingi na buti hazijulikani ziko wapi, usimdharau. Siku mtakapochimba mkutane na mwamba mkavu, ndiye atakayeona pengine pa kuchimba.

Sasa lile nililokalia meza hii kwa ajili yake.

Sijawahi kukuomba msamaha kwa maneno yangu ya pale korido. Nimekununulia viatu. Nimekuchinjia kuku. Niliacha kukuambia una haya. Nimezunguka jambo hilo miaka tisa kama mtu anayezunguka kisima kisicho na ukingo. Nilijiambia umesahau, na wewe husahau nini?

Hukunong'ona, Nyokabi. Ulikuja ukiwa na miaka kumi na tatu, ukasimama mbele yangu, ukasema jambo la kweli kwa maneno yanayoeleweka. Mara mbili. Sauti yako ilitosha. Mimi ndiye ambaye sikusikia, na nilipoona matokeo yake niliogopa, nikautafuta mgongo mdogo kuliko wote pale koridoni nikaubebesha mzigo wangu. Ulinisaidia kuubeba bila kulalamika, na ukaniambia pole. Nirudishie. Ni wangu. Nisamehe, mwanangu, na ikiwa bado huwezi, chukua muda wako. Nimejifunza kungoja.

Nilikuwa nimefika hapo nikidhani nimemaliza. Baba yako ameingia na fimbo yake, akaniona na kalamu, akashangaa kama wewe utakavyoshangaa.

"Nani?" akauliza.

"Nyokabi. Namwandikia."

Akavuta kiti. Akaweka kidole kwenye karatasi. "Soma."

Nimemsomea yote, hata ya korido, ambayo yeye hakuyajua maana alikuwa wodini. Hakunitazama. Nilipomaliza, mdomo wake ukawa unafunguka na kufumba, na unajua sasa ana maneno mengi kidogo lakini bado huyatafuta kama mtu anayetafuta funguo gizani. Akasema, "Andika." Nikashika kalamu. Chai imepoa mezani tukiwa tumekaa. Jogoo wa jirani amewika na kunyamaza. Mara mbili nililiona neno analolitaka, nikaacha alifikie mwenyewe.

Haya ndiyo aliyosema. Nimeyaandika kama yalivyotoka, sikuongeza hata moja:

"Dawa. Nilificha. Mimi. Si wewe."

Alikuwa anatazama ukutani, pale kwenye picha yako ya mahafali, ambapo na mimi nimesimama kando yako. Sikumuuliza ni nani kati yetu anayemwambia.

Mama yako